Barafu Chini ya Blanketi

Kijijini, 28 Januari

Kwa Avataq, baba wa Imiina,

Salamu nyingi kama manyoya ya mbwa kwenye nguo zako. Sisi wazima. Hofu ni kwako wewe unayelala juu ya bahari iliyoganda.

Mwanao ana wiki sita sasa na shingo imeanza kukaza. Mama yako anakuja kila asubuhi, kama giza hili tunaweza kuliita asubuhi. Anavua glavu, anapuliza viganja vyake vipate moto, kisha anamwinamia: "Mume wangu, umelalaje? Huyu mwanamke amekunyonyesha?" Jana alimlalamikia kwamba alikufa bila kumaliza kutengeneza mlango wa ghala. Mtoto akajamba. Mama akasema, "Ndivyo alivyokuwa akinijibu hata enzi zake." Tulicheka mpaka mshono wangu ukauma. Tangu tumpe jina la marehemu baba yako, nyumba hii ina mkwe wangu mwenye nepi. Akilia usiku kucha simkaripii. Nani amkaripie baba mkwe wake?

Sasa sikiliza. Juzi ilinyesha mvua. Si theluji, ni mvua ya matone. Nilikuwa nimelala na mtoto, nikasikia kitu kinagonga bati, nikadhani mbwa wamepanda paani. Nikatoka. Upepo ulikuwa wa kusini, mzito, una unyevu kama pumzi ya mtu. Mbwa wamekaa tu, migongo imelowa, wanatutazama kama sisi ndio tuliofanya. Watoto wa jirani wametoa ndimi nje wanaonja. Ni Januari hii, Avataq, na jua hatujaliona tangu Oktoba. Mvua ilipokata, theluji ikamwagika mpaka ikafika dirishani. Redio inasema tufani ilitoka bahari ya kusini ikapanda moja kwa moja mpaka kwetu, na nyuma yake kuna nyingine.

Simu yako ilikufa ulipopita rasi, ndiyo maana naandika. Mjomba Qaavi amekuja kushusha samaki wenu na kuchukua chambo, atakuletea hii. Nijibu: barafu chini ya kibanda chako ikoje?

Na uliahidi utakuwa nyumbani siku jua linarudi, umvue baba yako kofia umwinue alione. Sijasahau.

Mkeo,
Tukummeq


Barafuni, 1 Februari

Mke wangu,

Barua yako inanuka maziwa. Mbwa waliinusa kabla sijaisoma. Nimefurahi shingo ya baba imekaza. Hata uzeeni haikuwa shingo ya kupinda.

Mvua imefika huku pia. Lakini nyinyi mnaolala chini ya bati mnaogopa kila kinachogonga. Nilipokuwa mdogo baba aliniambia neno moja na sijaliacha: tufani ni fundi wa barafu. Inavunja ile mbovu, inapita zake, baridi inaingia nyuma yake, na ukisubiri siku tatu za utulivu unapata barafu nzuri kuliko ya kwanza. Yeye aliishi hivyo, na hakufa majini. Alifia kitandani akidai chai. Mimi nami nasubiri siku tatu zangu kila mara, ndipo nasogea.

Samaki wanakula. Leo mshipi ulikuja mzito mpaka Mjomba akadhani tumenasa sakafu ya bahari. Ni wale bapa wakubwa wa kilindini. Nikiacha sasa mbwa watakula nini mwezi wa tatu? Nitabaki mpaka jua likaribie, na siku moja kabla yake utaniona mlangoni.

Nitumie glavu nyingine. Hizi zimelowa, hazikauki. Mbwa wangu Taaqi anachechemea kidogo, si kitu.

Mbusu baba kisogoni.

Avataq


Kijijini, 5 Februari

Avataq,

Glavu hizi hapa. Nimezishona mtoto akiwa begani. Mshono ukipinda mlaumu baba yako.

Zile za kwanza zimelowa kwa nini? Nilimwuliza Mjomba. Akatazama kikombe chake. Nikamwambia, "Mjomba, leo hupati sukari mpaka useme." Unamjua mjomba wako na sukari. Alijikaza, akanywa chungu mara mbili, ya tatu akasema. Kumbe Taaqi hachechemei. Taaqi alizama mpaka kifuani, ukamvuta kwa kamba umelala kifudifudi. Na kumbe kibanda hakiko tena pale tulipokubaliana. Umekiburuta nje, kupita rasi ya pili, karibu na maji ya wazi, kwa sababu samaki wamehamia huko. Hayo hukuyaandika. Uliandika shingo ya baba.

Mimi nami nilikuficha jambo, basi tuwe sawa. Mvua ile iliingia ghalani, nyama ya sili imeharibika nusu. Niliogopa ukijua utazidi kukaa huko. Sasa umejua.

Jana nilimwachia Mama mtoto, nikachukua mtaimbo nikashuka kutoboa barafu mbele ya kijiji. Usicheke. Pale upepo ulipofagia theluji, barafu ni nene, nilipiga mpaka bega likafa ganzi. Hatua chache pembeni, pale theluji ya tufani hizi mbili ilipolala nzito, nilipiga kidogo tu, maji yakapanda. Na hiyo theluji yenyewe juu ni kavu, chini imelowa kama nepi ya alfajiri.

Nikasimama pale nikafikiri, na kichwa changu siku hizi hakifikiri, kimejaa usingizi. Kila nikimlaza mtoto namfunika ili baridi isimfikie. Theluji imeifanyia barafu hivyo hivyo. Imeifunika blanketi. Baridi iko juu, barafu iko chini, hazikutani. Itanenepa na nini? Na mawingu hayaondoki, yamekaa juu yetu kama kifuniko cha sufuria. Tufani ya kusini inafungua mlango, inaingiza joto la bahari ndani ya nyumba, na kabla hatujaurudisha mlango nyingine imeshaweka mguu. Huyo ni fundi gani wa barafu?

Ukitazama toka juu utaona nyeupe, kama miaka yote. Nyeupe si kitu. Hata jeneza letu la kanisani ni jeupe.

Njoo. Samaki watabaki baharini, ndiko kwao.

Tukummeq


Barafuni, 8 Februari

Tukummeq,

Mjomba ana mdomo kama ndoo iliyotoboka, nimemwambia mwenyewe.

Taaqi aliingia kwenye ufa. Hakuna mtu huku ambaye mbwa wake hajawahi kuingia kwenye ufa. Mimi natoboa barafu tangu sijaota meno ya utu uzima. Kila nikiamka natoboa hapa mlangoni kwangu, na kila siku ni nene. Wewe umetoboa asubuhi moja umeshakuwa mwalimu.

Unafikiri kurudi ni kugeuza kichwa cha mbwa tu? Mjomba yuko hapa, mzee yule, na hajasema anaondoka. Mimi niliye kijana nifunge mbwa wavute sleji kabla yake, kwa sababu mke wangu amesimama juu ya theluji akafikiri? Watanicheka mpaka kiangazi. Mtoto wangu ataanza kutembea wakiwa bado wanacheka.

Siku tatu za utulivu zimetimia leo. Baba hakuniambia habari za blanketi.

Nyama iliyoharibika wape mbwa waliobaki huko, kidogo kidogo. Nakuja tarehe 16. Usiniandikie tena mambo ya barafu. Niandikie ya mtoto.

Avataq


Kijijini, 10 Februari

Mwanangu Avataq,

Mimi si mtu wa kalamu, unajua. Shule ilinikuta nina sindano mkononi. Mkeo yuko hapa anamwogesha mume wangu, naye mume wangu anapiga kelele kama siku zote akiona maji.

Nimesikia unamtaja baba yako. Alisema hivyo, kweli. Nilikuwepo, nalainisha ngozi kwa meno, sikuweza kusema lakini masikio yalikuwa wazi. Wewe ulikuwa mdogo, ukachukua nusu ya neno ukakimbia nayo nje kucheza. Tufani ya siku zile ilitoka kaskazini, upande wa barafu. Ilikuja na baridi, ikaondoka ikaacha baridi nyingine. Hiyo ndiyo aliyoiita fundi. Ile ya kusini, majira haya ya giza, hakuitungia neno, maana haikuwa na desturi ya kuja. Ilikuja mara moja tu, mwaka alipozaliwa dada yako. Hakusubiri siku tatu. Alifunga mbwa siku ileile akarudi na sleji tupu. Waliomcheka aliwapa kisogo, akaingia ndani akalala.

Siwezi kukuamuru. Mama hamfungii mbwa mtu mzima. Nakwambia nilichokiona.

Mume wangu anakohoa kidogo. Nyumba zote zina unyevu.

Mama yako,
Padloq


Kijijini, 12 Februari

Avataq,

Ulisema nikuandikie ya mtoto. Haya.

Leo nilimweka mapajani, nikamtazama usoni, nikamwita kwa jina lake lote. Nikamwambia: Baba mkwe, mwanao yuko kupita rasi ya pili. Redio imesema tufani ya tatu iko njiani, kesho itakuwa hapa, ni kubwa kuliko mbili za mwanzo. Inakuja na mvua tena, na huko maji ya wazi yameshaanza kuvimba. Abaki au arudi? Akalia. Si kilio cha njaa, nilikuwa nimetoka kumnyonyesha. Nikamwuliza: abaki? Akazidi, uso ukawa mwekundu mpaka Mama akaja mbio. Nikamwuliza: arudi? Akanyamaza. Akanitazama, akashika kidole changu.

Mimi ni mwanamke wa asubuhi moja ya mtaimbo, sina neno. Anayesema ni Imiina, aliyekufundisha kufunga mbwa. Tangu lini nyumbani kwenu mwenye jina anakataliwa? Akitaka kisu anapewa kisu, akitaka kulala mchana watu wote wananong'ona. Sasa amekutaka wewe.

Mwambie Mjomba hivi tu: baba ameniita. Hakuna wa kukucheka kwa hilo. Na yeye pia aitike, Imiina ni shemeji yake.

Acheni kibanda. Acheni mishipi. Msije moja kwa moja nyumbani. Kateni kuelekea nchi kavu, pale palipo karibu zaidi, mkakae kwenye nyumba ya wawindaji chini ya mlima.

Barua ya Mama nimeiweka pamoja na hii. Mjomba naye ameisikia redio. Nilimwambia abaki. Akasema, "Na yule kijana nimwachie nani?" Nikasema basi mwambie aje. Akasema, "Nikimwambia mimi atadhani nimezeeka. Wewe andika." Ameshapanda sleji, namkimbilia nje sina hata kofia.

Tukummeq


Kijijini, 16 Februari

Avataq,

Barua hii haina wa kuipeleka. Naiandika kwa sababu mkono umezoea.

Tufani ilifika wakati uleule walioutaja redioni. Upepo ulichukua paa la ghala, ule mlango ambao baba yako hakuutengeneza ukaenda nao. Mvua ilinyesha kutwa nzima, theluji yote ya kijiji ikawa uji. Kisha bahari ikaanza kupumua. Sikujua kwamba barafu inaweza kuguna namna ile. Madirisha yalikuwa yanatetemeka, na mtoto alikuwa akifumbua macho kila inapoguna. Tulipoweza kutoka, maji yalikuwa meusi kuanzia rasi ya kwanza mpaka nje, na moshi wa ukungu juu yake. Njia yenu ya sleji bado inaonekana kutoka mlangoni kwangu. Inashuka ufukweni, inanyooka, inakatika.

Helikopta haiwezi kuruka kwenye ukungu huu. Watu wananiletea samaki na hawakai. Wakinitazama wanatazama mtoto haraka, wanamsifu, wanaondoka. Nimewajua. Hata mimi nimewahi kumsifu mtoto wa mtu hivyo.

Nikwambie sasa, kwa kuwa husikii. Mtoto alikuwa amelala. Siku ile niliyokuandikia hakulia, hakunyamaza, hakushika kidole. Alilala fofofo na mdomo wazi, nami niliandika nikiwa nimesimama kwa sababu Mjomba alikuwa nje anafunga mbwa. Nilichukua jina la baba yako nikalifanya mdomo wangu. Na sasa kuna wazo moja halinitoki kichwani: wewe unanijua ninavyoongea. Kama ulisikia ni mimi, ukasema ah, amenichezea na baba yangu mwenyewe, ukaitupa barua motoni, ukabaki kwa hasira. Basi ningeandika nini ili uje? Nimeitafuta barua hiyo nyingine kichwani siku zote hizi. Siipati.

Mama amekaa hapa karibu anashona. Nadhani ameshajua. Asubuhi alisema, bila kuinua macho, "Mume wangu hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja." Akauma uzi, akaendelea.

Kesho ni siku ya jua. Sijui kama nitamtoa.

T.


Nyumba ya wawindaji, chini ya mlima, 19 Februari

Tukummeq,

Tuko hai. Naliandika hilo kwanza ili ukae chini.

Uusaqqaq, mtegaji wa mbweha, amepita hapa akielekea kwenu kwa njia ya juu ya mlima, yeye ndiye anayekuletea hii.

Siku ile Mjomba alifika hajavua hata glavu, akaniambia soma. Nikasoma ya Mama, kisha yako. Nilijua, Tukummeq. Baba yangu hakuwahi kuniuliza nibaki au nirudi; alikuwa akipiga mluzi tu, mimi na mbwa tukaja pamoja. Kila mstari ulikuwa sauti yako, nilikuwa nakuona umesimama na mkono kiunoni. Nilikasirika, sitakudanganya. Nikachukua mtaimbo nitoke nikuonyeshe. Nikaenda mahali pangu pa kila siku, nikapiga, nene. Nikataka kurudi ndani. Ndipo nikatazama chini nikaona pale ninapotoboa kila siku nimepafagia mwenyewe. Mlangoni, njia ya mbwa, kuzunguka shimo la mshipi, kote tumefagia, tumekanyaga. Nilikuwa napima uwanja wangu nikidhani napima bahari. Nikatembea mpaka kwenye theluji ambayo hajaikanyaga mtu. Mtaimbo ulipita kama kwenye mkate.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Imesemaje barua?" Nikamwambia, "Baba ameniita." Akasema, "Kama shemeji ameita, sisi ni nani." Nakuapia, sijawahi kumwona mzee yule ana haraka namna ile, hata kwenye chakula. Alikuwa ananisubiri mimi, nami nilikuwa namsubiri yeye, wajinga wawili juu ya maji.

Tulisahau taa kibandani. Tulipofika penye ufa wa ufukweni barafu ilikuwa imeanza kupanda na kushuka. Sleji yangu ilipita. Ya Mjomba ilikaa vibaya, nikakata kamba, tukamvuta yeye, mbwa wanne wakaenda. Taaqi alikuwa wa mbele yao. Niliwachanganya mbwa wetu siku ile ili tuwahi, Taaqi nikamfunga kwenye sleji ya Mjomba, kwa hiyo aliyempeleka pale ni mimi. Tukakaa nchi kavu tunatazama. Taa ya kibanda ilikuwa bado inawaka. Ikaanza kutembea. Ilikwenda polepole kama mtu anayetafuta kitu, ikapita rasi, hatukuiona tena.

Jua tumeliona tarehe 17, ukucha tu juu ya mlima. Tulivua kofia wote wawili. Mjomba alisema maneno ya kulisalimu jua.

Sasa upepo umekufa. Baridi imeingia ile ya kweli, nyota zote zipo, na ghuba imeanza kufunga barafu mpya. Kupita juu ya mlima ni siku mbili za kupanda, na goti la Mjomba limevimba, na miguu ya mbwa inatoa damu. Kukata ghuba ni nusu siku. Nitamsubiri Uusaqqaq arudi kwenye mitego yake atuletee chakula kidogo. Mpaka afike, siku tatu za utulivu zitakuwa zimepita na zaidi. Safari hii ni baridi ya kaskazini, ile aliyoisema baba. Nadhani tutakata ghuba.

Avataq


Kijijini, 21 Februari

Avataq,

Nilisoma mstari wako wa kwanza nikakaa chini kama ulivyosema, sakafuni, Mama akaninyang'anya mtoto. Nililia kwa sauti mpaka Uusaqqaq akatoka kwenda kutazama mbwa wake ambao hawakuwa na shida yoyote. Taaqi nimemlilia kivyake, baadaye.

Kisha nikafika mwisho wa barua, nikasimama tena.

Jana theluji ilianguka. Ilikuwa nzuri, imetulia, kubwa kama manyoya ya bata. Imelala juu ya barafu yako mpya iliyozaliwa juzi, haijapata hata unene wa kiganja. Imeshafunikwa blanketi. Na redio inasema Jumamosi kuna nyingine, toka kulekule. Avataq, mlango haujafungwa. Hizo siku tatu za baba yako zilikuwa za nyumba yenye mlango.

Uusaqqaq anarudi sasa hivi. Nimempa nyama, mafuta, na vifuko vya miguu ya mbwa, nimeshona usiku na mchana, Mama kwa upande mmoja na mimi upande mwingine, mtoto katikati. Mjomba atakaa kwenye sleji, mtasukuma. Itakuwa siku mbili, au tatu, au nne. Mimi nimesubiri zaidi ya hizo.

Siku ya jua nilimtoa. Watu wote walikuwa kilimani wamevua kofia na glavu. Mama akamvua mume wake kofia. Mimi nilimwinua kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa mfukoni umeshika barua isiyo na wa kuipeleka. Mwanga ukamgusa paji la uso. Akapiga chafya. Watu wakacheka, nami nikacheka, na nilikuwa sijui kama nimemwinulia jua mtoto mwenye baba.

Sirudii siku ile. Kwa hiyo sikiliza vizuri. Baba yako amelala, na safari hii sitamwamsha wala sitaazima jina lake. Anayesema ni Tukummeq. Pita juu ya mlima. Ukikata ghuba ukazama, nitamlea huyu na nitamwambia ukweli wote. Ukikata ghuba ukafika mzima, bado nitakuwa nimeolewa na mtu asiyenisikia, na hilo nalo sijui nitaishi nalo vipi.

Niko hapa. Sijalala.

Tukummeq


Juu ya mlima, 25 Februari

Tukummeq,

Uusaqqaq, aliyeacha mitego yake atusindikize, anatangulia na karatasi hii, mbwa wake wana nguvu. Sisi tunakuja nyuma. Taa za kijiji naziona, na nadhani ile ya mwisho upande wa bahari ni ya kwetu.

Tulipofika juu, ghuba ilikuwa chini yetu nyeupe yote, imenyooka, mtu angetamani kuipita hata kwa miguu. Jumamosi tulijichimbia kwenye theluji tukapigwa na upepo wa joto mpaka nguo zikalowa. Tulipotoka ghuba ilikuwa nyeusi. Mjomba aliitazama. Akafunga kofia yake, akasema tusukume.

Siku tuliyoanza kupanda alikaa kwenye sleji akageuza shingo, akaniuliza, "Shemeji ameita tena?"

Nikamwambia, "Hapana. Shemeji amelala. Ni mke wangu."

Akarudisha shingo mbele. "Basi twende. Huyo ndiye mwenye sukari."

Weka birika. Usimwamshe baba.

Avataq